Kamba ya Nyuma

Mwanamke aliyefua jezi za timu yetu hakuwahi kuingia uwanjani. Naanza na hilo kwa sababu watu wa Kamembe wanaomkumbuka wanamkumbuka kama mtu wa mpira, na yeye hakuwa mtu wa mpira. Alikuwa mtu wa maji na sabuni. Sijui alikotoka na sikumuuliza. Mimi mwenyewe nilitoka ng'ambo, na sisi tuliotoka ng'ambo hatuulizani sana. Ninachojua ni ile miaka tisa niliyokaa naye ukuta kwa ukuta. Najua pia kwamba kazi yake ilimtoka mikononi kwa sababu yangu, na kwamba kijana mmoja, beki wetu wa kushoto, hayupo duniani kwa sababu yetu sisi wawili. Jina la kijana huyo na namba yake nimevibadilisha. Sababu itaonekana.

Nilipovuka daraja la mpakani kutoka Bukavu nilikuwa na sanduku moja na sikuwa na cheti hata kimoja. Leo nina duka la vifaa vya ujenzi kwenye lami, nina gari la kubebea mabati, na nina diploma ya usimamizi wa biashara niliyoisomea Jumamosi na Jumapili kwa miaka mitatu, siku nyingine nikiuza misumari. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nayataja haya kwa sababu ndiyo yaliyonifanya niwe sekretari wa mashabiki. Watu walitaka mtu anayejua kuandika, na kuandika najua.

Chumba changu cha kwanza kilikuwa nyuma ya ua wake, kwenye mteremko unaotazama ziwa. Asubuhi ya kwanza nilitoka kutafuta maji nikamkuta amesimama na jezi iliyolowa, ameshika upande mmoja.

"Shika kule," aliniambia. Hakuniuliza jina.

Nikashika. Tukazungusha, yeye huku na mimi kule, maji yakamwagika miguuni. Alinitazama mikono.

"Weye unakamua kama mutu anasalimia," alisema. "Kamua kama mutu iko na njaa."

Nilikuwa na njaa kweli. Tulikamua jezi kumi na nane, akanipa chai na kiazi, na tangu siku hiyo robine yake, bomba la maji la uani, ikawa yangu pia. Alikuwa na imani kwamba mtu hujulikana kwa namna anavyokamua nguo. Papa Neema, mfanyabiashara wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kutoka Bukavu, alikamua mara moja tu akaambiwa asiguse tena, kwa sababu anaacha upande wake uzunguke bure huku akipiga hadithi. Mimi niliruhusiwa miaka yote tisa. Sikuwa nimepata heshima nyingine hapa mjini wakati ule, na ile niliipokea vizuri.

Mikono yake ilikuwa imepasuka kwenye viungo kama udongo wa kiangazi. Nilipopata hela za kwanza nilimnunulia glavu za mpira. Alizivaa siku moja mbele yangu kwa adabu, kisha nikaziona zimevishwa juu ya nguzo za ua ili mvua isiozeshe mbao. Alisema kwa glavu hasikii uchafu. Uchafu aliusikia kwa vidole, halafu akausema.

Hapo ndipo palikuwa na jambo la ajabu katika tabia yake. Mambo ya timu hakuyasema kamwe. Ungemuuliza nani ameumia, nani amegombana na kocha, angekujibu, "Miye nafua manguo. Sifui batu." Lakini jezi zenyewe alizisema sana, uso kwa uso, kama mama anavyosema watoto wake. Nilikuwa nikimsikia kupitia ukutani. "Na weye, kila siku unalala chini juu ya nini? Nyasi iko tamu?" Hiyo ilikuwa jezi ya kipa wa pili. "Weye hata hukutoka jasho. Ulienda kutembea." Hiyo ilikuwa ya mshambuliaji wetu mmoja aliyependa picha. Herufi hakuzijua, majina hakuyashika, ila namba alizijua zote, na kwa namba alijua mambo ambayo sisi tuliokaa jukwaani hatukuyaona. Mchezaji aliyeanza kunywa pombe alimjua kwa harufu ya kwapa la jezi kabla kocha hajamjua. Alimsema mwenye namba hiyo kwenye karai kwa wiki tatu, na nje ya karai hakusema neno.

Siku niliyopata diploma nilikwenda kwake kabla ya kwenda kwa mtu mwingine yeyote. Alifuta mikono kwa kitambaa, kisha akaifuta tena kwa nguo yake, akaishika ile karatasi kwenye kona. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Namba yako iko wapi?" aliuliza.

Nikamwonyesha namba ya usajili, chini kabisa, iliyoandikwa kwa maandishi madogo. Aliisoma yote, tarakimu kwa tarakimu, kwa sauti.

"Ni mirefu," alisema. "Basi muko bengi."

Nilicheka, lakini nakiri iliniuma kidogo. Nilitaka aone kwamba tulikuwa wachache.

Sasa niseme habari ya kamba, kwa sababu bila hiyo mtu hawezi kuelewa sisi mashabiki tulikuwa watu wa namna gani. Ua wake ulikuwa na kamba mbili. Ya mbele ilikuwa karibu na njia, ya nyuma ilikuwa kando ya jiko. Kila mwaka kabla ya msimu mpya, kocha alimpelekea jezi zote za msimu uliopita pamoja na kikaratasi cha namba. Namba za kikaratasi zilikuwa za wachezaji wanaoachwa, na jezi zao zilipaswa kurudi stoo kwenye mfuko wa peke yake. Yeye, kwa kuogopa kuzichanganya, alianika wanaobaki kwenye kamba ya mbele na wanaoachwa kwenye kamba ya nyuma. Hakumwambia mtu. Ni mimi niliyegundua, mwaka wa pili wa kukaa pale, kwa sababu nina jicho la mambo hayo. Niliona kila aliyeanikwa nyuma hakuonekana tena mazoezini.

Baada ya hapo mashabiki hawakungoja tena tangazo la viongozi. Siku ya kufua ilipofika, watu walijipanga njiani, wengine wametoka na pikipiki zao, wengine na vikapu vya soko. Jambo hilo tuliliita kusoma kamba. Mwaka mmoja tulimkuta kapteni wetu nyuma, kando ya jiko, anapepea pamoja na vitambaa vya sufuria. Watu walikataa. Walisema kapteni haachwi. Mimi niliandika nilichokiona nikakituma kwenye kundi letu la simu, na siku tatu baadaye viongozi wakatangaza hivyo hivyo. Tangu hapo orodha yangu ikawa orodha. Hata wachezaji waliingoja. Waliokuwa likizo vijijini waliitazama kwenye simu, na aliyejikuta ameachwa hakujisumbua kurudi mjini kuambiwa usoni.

Mfuaji alituona tukisimama pale. Hakutufukuza na hakutukaribisha. Watu wa timu nyingine waliwahi kuja na kilo mbili za sukari wakitaka kujua nani anabaki. Aliwapa karai, akawaelekeza pa kumwaga maji machafu, wakamwaga, akawashukuru, wakaondoka na sukari yao.

Jado alikuwa beki wa kushoto, namba tatu. Alitoka Bweyeye, kule kando ya msitu, ambako mvua ikinyesha hakuna gari linalofika na mtu hutembea siku nzima. Mama yake alilima huko peke yake. Alicheza kwetu misimu miwili. Alikuwa mkimya, mwenye mbio nyingi, na alikosea pasi anapoharakishwa. Kile alichopata kwa timu ndicho kilichomlisha mama yake, na hakuwa na kazi nyingine wala shule ya kumpa kazi nyingine.

Asubuhi ile tulikuwa kama watu kumi na tano njiani. Nakumbuka wawili zaidi ya wengine, Papa Neema na mzee mmoja mkulima wa kahawa kutoka Gitambi, ambaye alikuja mjini kila Jumamosi na hakukosa kusoma kamba. Papa Neema ndiye aliyeona kwanza.

"Namba tatu iko nyuma," alisema. "Mungu amesikia maombi yangu."

"Wapi?" mzee aliuliza.

"Angalia kule, karibu na jiko. Iko yeye na saba na kumi na moya."

Mzee alisogea, akakunja macho. "Huyu mutoto hapana. Huyu anakimbia kuliko ile baiskeli yako, Papa Neema."

"Anakimbia, ndiyo. Lakini anakimbilia wapi? Mechi ya mwisho alikimbia na mupira mpaka nikasema sasa amefika Ruhwa, bamupigie muhuri aingie Burundi."

Watu walicheka. Mzee hakucheka.

"Antrenere hawezi kumutoa," alisema, akimaanisha kocha. "Kushoto balibakiwa na nani? Atacheza weye?"

"Bora miye. Miye nitasimama, mupira itanikuta."

"Ukisimama na ile tumbo, hata upepo haitapita."

Walibishana hivyo karibu saa nzima. Wengine walisema Jado ni mdogo, apewe mwaka mmoja. Wengine walisema mpira si hospitali ya kulea watu. Mtu mmoja alisema mabaya ambayo sitayarudia, kuhusu watu wa Bweyeye na akili zao. Mimi nilikuwa na daftari. Nilihesabu jezi za mbele, nikahesabu za nyuma. Moyoni nilishangaa, kwa sababu nilimwona Jado kuwa beki mzuri, lakini kamba haikuwa imekosea hata mara moja miaka yote hiyo. Hata hivyo nilimwita mfuaji. Alikuwa ndani ya ua, hatua sita kutoka kwetu, mikono kwenye karai.

"Maman, na namba tatu pia?"

Aliinua kichwa. Alitazama kamba ya nyuma, akanitazama mimi, akatazama wale watu nyuma yangu.

"Miye nafua manguo, Papa Sekretari," alisema. "Sifui batu."

Niliandika. Kabla ya saa sita mchana orodha ilikuwa kwenye simu za watu mia kadhaa, na jina la Jado lilikuwa la mwisho chini ya wanaoachwa.

Jumatatu iliyofuata wachezaji walifika kusaini. Jado hakufika. Kocha alisubiri siku mbili, akapiga simu, simu haikupatikana. Wiki ikaisha. Ndipo kulipoitishwa mkutano wa viongozi na mashabiki, na kocha akasimama na kuuliza swali moja.

"Nani alimwambia Jado kwamba ameachwa? Alikuwa wa kwanza kwenye karatasi yangu ya wanaobaki."

Nikasimama. Sijawahi kuogopa kusimama mbele ya watu. Nilisema kwamba sisi tulisoma kilichoanikwa, kwamba kwa miaka yote kamba ilikuwa sahihi, na kwamba safari hii mfuaji alianika vibaya na akatupotosha. Nilisema nilimuuliza kwa mdomo wangu na hakunisahihisha. Kila neno lilikuwa kweli. Watu walipiga makofi kidogo, kama wanavyowapigia watu wanaojua kupanga maneno.

Wakamwita. Alifika akiwa na mikono ya nguo imelowa hadi kwenye viwiko, maana walimtoa kazini. Mwenyekiti alimuuliza kwa nini jezi namba tatu ilikuwa nyuma.

"Kamba ya mbele ilijaa," alisema.

"Ilijaaje?"

"Mwaka huu iko manguo mapya ya bagardien. Iko na mikono mirefu. Namba tatu ilibakia ya mwisho mu karai. Nikaiweka kwenye kulikuwa nafasi."

Hiyo ndiyo iliyokuwa sababu. Jezi mbili mpya za makipa, zenye mikono mirefu. Mwenyekiti alimuuliza kama ana jambo la kuongeza. Angeweza kusema kwamba hakuna siku aliyotuambia kamba ina maana yoyote. Angeweza kusema kwamba alikuwa akianika nguo katika ua wake, na sisi ndio tuliokuja kuzisoma. Alisema hana la kuongeza, akaomba ruhusa arudi kwa sababu aliacha maji yanatiririka. Wiki iliyofuata jezi zilipelekwa kwa mtu mwenye mashine, mjini, ndani ya jengo lenye mlango wa kioo. Mimi nilibaki sekretari. Mwaka uliofuata nilichaguliwa tena.

Jado alikuwa ameshavuka. Timu moja ya mtaa, upande wa Bukavu, ilikuwa imemtaka tangu zamani, na alipojisoma kwenye orodha yangu alitoka Bweyeye alfajiri, akapita mjini bila kumsalimu mtu, akavuka daraja. Papa Neema alikuwa akivuka kila asubuhi na sambaza zake, kwa hiyo nilimtuma. Nilimwambia amweleze Jado kwamba kulikuwa na makosa, arudi, kocha anamngoja. Papa Neema alimpata mazoezini. Jibu aliniletea jioni, ameketi juu ya beseni lake tupu, na nilimlazimisha alirudie mara mbili.

"Anasema usimuonee huruma. Anasema orodha yako haikosee."

Nilimtuma mara ya pili, na barua iliyoandikwa kwa mkono wangu. Safari hii Jado alisema ameshatoa neno kule, atamaliza msimu kwanza, halafu ataona.

Hakumaliza. Vita vilipofika upande ule, risasi ilimkuta njiani akitoka mazoezini. Hakuna aliyejua ni risasi ya nani. Walimzika huko huko, haraka, pamoja na wengine, na mama yake hakuona kaburi. Papa Neema ndiye aliyeleta habari. Tangu siku hiyo hakuja tena kubishana habari za usajili. Ukimkuta sokoni na kumuuliza nani atacheza kushoto msimu huu, anakupimia samaki.

Watu wanaweza kudhani mfuaji alininunia. Hapana, na hilo ndilo lililonisumbua zaidi ya kununa. Aliendelea kunisalimia kama zamani. Alipata kazi ya kufua mashuka ya nyumba moja ya wageni, na siku za mashuka makubwa aligonga ukuta, nami nilitoka tukakamua. Tulikamua bila kuzungumza. Hakuyasema mashuka. Nilisikiliza kupitia ukutani nikiwa kitandani, asubuhi nyingi, nikingoja asikike akigombeza karai kama zamani, nikasikia maji tu. Kisha mimi nikajenga nyumba yangu, nikahama. Ilikuwa nyumba nzuri na nilikuwa na haraka ya kuhamia.

Nilimwona tena kiangazi kilichopita. Nilikuwa nimepata kazi ya kupeleka mabati kwenye shule moja kule Bweyeye, na nilikwenda mwenyewe kwa sababu dereva wangu haogopi barabara ile kama inavyopaswa kuogopwa. Baada ya kona moja ndani ya msitu nilimwona mwanamke anatembea kuja upande wangu, viatu mkononi, kitenge kimelowa hadi magotini. Nilimtambua kwa mikono kabla ya uso. Nilisimamisha gari, nikazima.

"Maman. Unatoka wapi huku?"

"Kwa maman wa namba tatu," alisema.

Hakuwahi kulishika jina la Jado. Nilishuka. Alikuwa amezeeka kuliko miaka iliyopita kati yetu. Nilimwambia aingie garini apumzike, akakataa kwa sababu ya tope. Akakaa kwenye jiwe kando ya barabara, nami nikakaa kwenye ukingo wa gari.

"Naendaka kumufulia," alisema. "Hii ni mara ya ine. Mikono yake imekufa, haiwezi tena kukamua."

"Kwa miguu?"

"Gari inafikaka pale chini. Kisha, miguu."

Nilimuuliza mama yule anajua nini. Alikuwa anakwangua tope kwenye soli ya kiatu kwa kijiti, taratibu, kama mtu aliyelipwa kuifanya kazi hiyo.

"Mara ya kwanza aliniuliza," alisema. "Alisema, weye ulikuwa unafua manguo ya ekipe, unajua. Mutoto wangu balimutoa kweli, ao alitoroka? Juu huku kijijini banasema antrenere alikuwa anamutaka. Banasema yeye njo alikataa, akaacha mama yake juu ya kiburi, akaenda kufa kwa batu."

"Na weye ukamwambia nini?"

"Nilisema balimutoa."

Nadhani nilisimama. Nilimwambia hiyo si kweli, kwamba Jado alikuwa wa kwanza kwenye karatasi ya kocha, kwamba mama yake ana haki ya kujua mwanawe alikuwa mchezaji mzuri. Nilisema mengi. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Nikimuambia hivyo, atauliza, basi juu ya nini alienda?" alisema. "Nitamujibu nini? Kamba ilijaa?"

Nilikaa tena kwenye ukingo wa gari.

"Ile siku nilibasikia," aliendelea. "Yote mulisema, Ruhwa na nini. Na weye ukaniuliza, nilisikia muzuri. Nilikuwa naweza kusema neno moya. Nikasema mu roho, hapana, miye sisemake mambo ya ekipe, bataniona miye ni mutu wa maneno. Nikarudisha mikono mu maji." Aligeuza kiatu, akaanza upande wa pili. "Miaka yote sikusema neno. Nimesema moya tu, nimelisemea kwa ule maman, na ni la bongo, la kudanganya."

Ndege walikuwa wakipiga kelele msituni. Aliniuliza mabati yanakwenda wapi. Nikamwambia shuleni. Akatikisa kichwa.

"Nyumba yake iko pale pale, juu ya shule. Atakuita. Kila mutu wa Kamembe anapita, anamuita." Alinitazama moja kwa moja, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. "Weye ni mutu wa masomo. Utapenda kumueleza vizuri, tangu mwanzo. Usimueleze, Papa. Nakuomba."

Nilimwahidi kumchukua wakati wa kurudi, ikiwa angengoja. Alisema hangoji, ana mashuka. Alivaa viatu, akainuka kwa kushika goti, akashika njia. Nilimtazama mpaka kona. Sikumwomba msamaha. Nilikuwa na maneno tayari tangu miaka ile, yamepangwa vizuri, na pale barabarani niliona yangemchelewesha tu.

Shuleni tulishusha mabati kwa saa moja na nusu. Nilikuwa nikihesabu ya mwisho nilipoitwa kutoka juu. Mwanamke mwembamba alikuwa amesimama mbele ya nyumba ya udongo, na nyuma yake palikuwa na nguo zimeanikwa juu ya kichaka, safi sana, zingali zikidondosha maji. Nilipanda. Alinipa kiti, yeye akabaki amesimama. Alizungumza Kinyarwanda.

"Wewe unatoka Kamembe?"

"Ndiyo, Maman."

"Unaijua timu ya mpira?"

"Mimi ni sekretari wa mashabiki."

Aliweka mikono yake miwili tumboni, vidole vimekunjamana, havinyooki.

"Basi niambie wewe. Yule mama wa kufua ana moyo mzuri, anaweza kunidanganya ili nilale. Mwanangu walimwacha, au alikataa?"

Nilimtazama. Katika maisha yangu nimejibu maswali mengi mbele ya watu wengi, na kila mara nilijua nikianza nitaishia wapi.

"Walimwacha," nilisema. "Orodha niliiandika mimi, kwa mkono wangu. Jina lake lilikuwa la mwisho."

"Liliandikwa?"

"Liliandikwa."

Alivuta pumzi, akaitoa, akakaa chini kwenye kizingiti. Alitazama shule na mabati yake mapya.

"Kama liliandikwa," alisema, "basi mwanangu hakunitoroka."